Barua ya Wazi kwa Mamlaka Itakayojenga Akwaria Pwani

Kwa: Mamlaka yoyote yenye kiwanja ufukweni na mkandarasi anayesubiri

YAH: MAPOKEZI YA WAGENI WENYE UMRI CHINI YA MIAKA 6

Akwaria ya umma ni nyumba ambamo watu hulipa kiingilio ili waone bahari bila kulowa. Ya kwanza ilifunguliwa London mwaka 1853, ndani ya bustani ya wanyama ya Regent's Park, na matangi yake yalikuwa madogo. Tangu hapo ni mashindano ya madirisha. Akwaria ya Churaumi kule Okinawa, iliyofunguliwa mwaka 2002, ina dirisha la akriliki lenye upana wa mita 22.5, kimo cha mita 8.2 na unene wa sentimita 60. La Dubai, lililomo ndani ya jengo la maduka, lina upana wa karibu mita 33. Mamlaka, kwa desturi ya mamlaka, itataka kuwapita wote wawili, na hakuna wa kuizuia. Mtoto wa miaka mitatu atasimama mbele ya dirisha hilo, atalitazama kidogo, kisha atainama kuchunguza maji yaliyomwagika sakafuni na kuuliza nani kayamwaga.

Matangi mengine yaanzie kimo cha kifua cha mtu mzima, ili mzazi asikose kazi. Mtoto wa kilo 15 hubebeka vizuri katika matangi mawili ya kwanza; baada ya hapo, kila samaki huanza kufanana na mwenzake.

Vibao vya maelezo viandikwe Kiingereza na Kilatini, Kiswahili kije bajeti ikiruhusu. Changu, ambaye mtoto wa Pwani anamfahamu tangu sahanini, atambulishwe kwa jina la Lethrinus, mpaka mtoto aone haya kumsalimia. Hata hivyo, swali lake litabaki lile lile kuanzia tangi la kwanza hadi la mwisho: "Huyu analiwa?" Wataalamu hulichukia swali hili, nalo ndilo swali la kisayansi kuliko yote yanayoulizwa mle ndani, maana linataka kujua kiumbe huyu ana uhusiano gani na muulizaji. Bibi aliyewaleta wajukuu atajibu kabla kibao hakijasomwa: "Huyo tasi. Anakaangwa, lakini miiba yake ina sumu, usimshike ovyo." Hayo yote ni kweli, na kibaoni hayamo.

Samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe hahitaji maelezo. Tangu filamu ya mwaka 2003, kila mtoto anamwita Nemo na kudai aonyeshwe baba yake. Kibao kikieleza ukweli, kwamba samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume, na jike akifa mumewe hugeuka kuwa jike, wazazi watakumbuka ghafla kwamba mtoto hajapelekwa chooni. Choo kiwe ghorofa nyingine.

Pweza awekwe kwenye tangi la giza lenye mawe mengi. Ana mioyo mitatu, damu ya buluu na akili ya kutosha kujificha kutwa nzima. Mzazi ataonyesha jiwe na kusema, "Yule pale." Mtoto atalipungia jiwe mkono.

Handaki la kupita chini ya maji lisikosekane, kwa kuwa linapendeza kwenye uzinduzi. Akriliki iliyopinda huwapunguza samaki machoni mwa mtazamaji, hivyo Mamlaka itakuwa imemnunua papa mkubwa na kumwonyesha mdogo. Kibao cha "Usigonge kioo" kiwekwe kila baada ya hatua tatu. Sauti husafiri majini kwa karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na samaki huhisi mitetemo kwa ubavu wake. Wagongaji wengi bado hawajaanza kusoma.

Kupata samaki si tatizo. Samaki wa mapambo wa Pwani ya Kenya husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kila mmoja ndani ya mfuko wa maji na oksijeni. Mamlaka inaweza kuwarudisha kwa ndege ile ile. Papa potwe ni mgumu zaidi: Okinawa na Atlanta wanaye tangini, ilhali Mafia huja mwenyewe karibu na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi, wala hakatiwi tiketi.

Njia ya kutokea ipite dukani, isiwepo nyingine. Chumba cha mwisho kieleze jinsi kasa wanavyomeza plastiki wakidhani ni konyeza, na hatua mbili mbele mtoto auziwe kasa wa plastiki. Kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, kasa huyo afungwe ndani ya boksi la plastiki.

Ipo njia nyingine, isiyo na zabuni, ndiyo maana haitajwi mikutanoni. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa bamvua. Mombasa na Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mwambani hubaki vidimbwi vyenye viti vya pweza, majongoo bahari, kaa na samaki wadogo waliochelewa kuondoka. Mtoto akichuchumaa, uso wake uko juu ya maji barabara. Atamtazama kaa mmoja mpaka watu wazima wachoke.

Mamlaka inaombwa, kabla ya kutangaza zabuni, imtume mhandisi wake mwambani siku ya bamvua, pamoja na mtoto wa miaka 4 na viatu vya kuzuia miiba ya fuma. Waende maji yakipwa, warudi kabla hayajaanza kujaa. Wasiokote kitu, na jiwe watakalofunua walirudishe lilivyokuwa. Ripoti yao iambatishwe kwenye michoro, na sehemu ya mtoto isihaririwe.