Kiwanda cha Mezani

Jengo la kiwanda kwenye reli ya mfano hupewa kazi inayolingana na kimo chake, si na tamaa ya mwenye reli. Katika kipimo cha HO, yaani 1:87, behewa la Kimarekani la futi 40 huwa na urefu wa sentimita 14 hivi. Hata hivyo, wapo wanaobandika kibao cha kiwanda cha chuma kwenye jengo linalozidiwa urefu na behewa lenyewe. Kiwanda cha kweli chenye urefu wa kilomita moja kingedai meza ya mita 11 na nusu, na jamaa wenye subira. Fanicha au chakula cha mifugo huaminika zaidi. Bia nayo ingefaa, ila wakazi kumi na wawili wa plastiki hawamalizi mabehewa matatu kwa siku.