Jinsi ya Kupiga Filimbi Bila Kuunguza Kijiji: Mwongozo kwa Mlinzi Mpya wa Mwili

Karibu kazini, mwanangu. Juzi ulikuwa kwenye uboho wa mfupa, jana ukazunguka na damu ukiitwa monosaiti, na leo umejipenyeza hadi kwenye ngozi ya kisigino cha mtoto wa miaka saba, ukapewa jina la ukubwani: makrofaji, yaani mlaji mkubwa. Kula utakujua mwenyewe, ndiko ulikozaliwa nako. Mimi nimekuita hapa tuzungumze kuhusu filimbi uliyoning'iniza shingoni, maana filimbi hiyo imewahi kuzika watu wengi kuliko unavyodhani.

Inakadiriwa kwamba mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na vifo milioni 11 vilihusishwa nayo. Mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara. Katika sepsisi mdudu ndiye anayeanza ugomvi, lakini kinacholegeza mishipa ya damu, kikashusha presha na kuzima figo ni mwitikio wa mwili wenyewe uliokosa breki. Walinzi wanapiga filimbi mwili mzima kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nakusihi usome hadi mwisho kabla hujaigusa.

Tuanze na kumjua mgeni. Mtoto wako anakimbia pekupeku nyuma ya nyumba, anakanyaga mwiba wa mchongoma, na pamoja na mwiba wanaingia bakteria waliokuwa wamelala kwenye udongo. Usipoteze muda kutafuta sura zao, hubadilika kila siku. Papasa nguo ambazo hawawezi kuvua wakabaki hai. Una vipokezi vya Toll, na binadamu ana aina 10. Cha nne hushika lipopolisakaridi, yale mafuta yenye minyororo ya sukari kwenye ganda la nje la bakteria wa jamii ya yule wa taifodi. Cha tano hushika protini ya mkia wanaoogelea nao. Wanadamu walichelewa kukuelewa. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake huko Ufaransa walionyesha kuwa nzi wa matunda mwenye hitilafu kwenye Toll huvamiwa na kuvu mpaka akafa. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler kule Marekani likagundua kwamba panya fulani wa maabara, ambao hawakushtushwa na lipopolisakaridi hata kidogo, walikuwa na kasoro kwenye kipokezi cha nne. Wawili hao walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Masikio unayo, basi. Sasa jihadhari unayaweka wapi. Kipokezi cha tisa hutambua DNA ya bakteria, lakini DNA humwagika pia kila seli ya mtoto mwenyewe inapokufa na kupasuka. Ukikiweka kipokezi hicho nje mlangoni, utamshtaki mwenye nyumba kwa kuingia nyumbani kwake. Kifiche ndani, kwenye vifuko vyako vya kumeng'enyea, ambako hufika tu kile ulichokimeza. Kwa kawaida mdudu uliyemmeza ndiye atakayeachia DNA yake humo. Utaratibu huu ukivurugika, mwili unaweza kuanza kujipiga wenyewe, kama inavyotokea kwa wagonjwa wa lupasi.

Halafu ipo filimbi nzito kuliko zote, interlukini-1, inayoleta homa. Hiyo ina funguo mbili, na nakuomba usitafute njia ya mkato. Ufunguo wa kwanza ni kipokezi kilichomshika mdudu: hapo unatengeneza interlukini ikiwa mbichi, unaiweka akiba, hutoi. Ufunguo wa pili ni dalili kwamba kuna kitu kimeharibika kweli, kwa mfano kemikali ya ATP iliyomwagika kutoka kwenye seli iliyochanika. Zikikutana zote mbili, protini iitwayo NLRP3 hukusanya wenzake wakaunda mtambo wa aina ambayo kundi la Jürg Tschopp, Uswisi, liliiita inflamasomu mwaka 2002. Ndani yake kimeng'enya cha kaspezi-1 hukata interlukini mbichi ikaiva, na tundu linafunguka kwenye utando wako ili itoke. Mara nyingi utakufa kwa tundu hilo hilo.

Ukitaka kuona filimbi hii ikipigwa kimakosa, mtazame mgonjwa wa gauti. Asidi ya yuriki imeganda kwenye kiungo cha dole gumba la mguu, fuwele nyembamba kama sindano. Hakuna mdudu hapo. Mlinzi kameza sindano, vifuko vyake vimetoboka, inflamasomu imewaka. Saa nane za usiku dole limevimba, jekundu, linang'aa, na mtu mzima mwenye wajukuu anawaomba watu wasipite karibu na kitanda, kwani hata shuka likimgusa anapiga yowe. Kosa dogo la utambuzi ndilo linalomliza vile.

Sasa fika mahali ninapopapenda kuliko pote, kuzima. Wengi hudhani kuzima ni kuchoka. Sivyo. Ishara inapofika kwenye kiini chako na kuwasha jeni za hatari, amri ile ile huwasha na jeni za kuzima. Yaani unaponunua kiberiti, ndoo ya maji unapewa palepale dukani. Protini ya A20 ni mojawapo ya ndoo hizo. Inakwenda kwenye nyaya zinazobeba ishara na kuzilegeza, kwa kuhariri alama zilizobandikwa juu yake. Panya waliozaliwa bila A20 hushikwa na mchochota wa viungo vingi, ule mchanganyiko wa joto, wekundu, uvimbe na maumivu, na hufa wakiwa bado wadogo sana. Mwaka 2016 ilielezwa kwamba kuna familia za watu waliorithi nakala moja tu iliyo nzima ya jeni ya A20, na vidonda vya mdomoni na homa huwaandama tangu utotoni. Nusu ya ndoo haikuwatosha.

Ndoo nyingine ni interlukini-10, na hii ni neno unalomwambia jirani: punguza. Mwaka 2009 madaktari walieleza habari za watoto wachanga ambao vipokezi vyao vya interlukini-10 vilikuwa vibovu. Utumbo wao mpana uliwaka mchochota katika mwaka wa kwanza wa maisha, ukatoboka hadi kufanya njia zisizostahili kuwepo. Walinzi wao walikuwa wakiambiwa wapunguze, na hawakuwa na sikio la kulisikia neno hilo. Mmoja wao alipandikizwa uboho, akapata walinzi wenye sikio, na utumbo ukatulia. Kila nikiisoma habari hiyo naona thamani ya kunyamaza kuliko mahali pengine popote.

Ukitembelea binamu zako wa utumboni, usiwacheke kwa ukimya wao. Wanaishi kando ya bakteria wasiohesabika, wanameza na kuua kila anayevuka ukuta, na bado hawapigi filimbi. Tishu za pale zimewalea hivyo. Wangefuata kanuni za kisigino chako, mtoto asingemaliza hata bakuli moja la uji bila kuugua.

Na ukiitwa mara ya pili kwa harufu ile ile, usishangae sauti yako ikitoka ndogo. Katika miaka ya 1940 Paul Beeson alikuwa akiwachoma sungura chanjo ya taifodi kila siku, na homa yao ikazidi kupungua. Ni ustahimilivu. Lakini BCG, ile chanjo iliyomwachia mtoto wako kovu la mviringo begani, hufanya kinyume: kwa miezi kadhaa huwaacha monosaiti wakiwa wepesi kushtuka hata kwa wadudu wasiohusiana na kifua kikuu. Mlinzi hukumbuka, na anachokumbuka hutegemea aliyemwamsha.

Turudi kisiginoni. Ni siku ya tatu, mama amechomoa mwiba kwa sindano aliyoipitisha motoni. Nyutrofili, walinzi wenzako waliokuja mbio kwa filimbi yako, wamekufa kazini, wengi ni usaha sasa. Waliobaki wanakufa kimya bila kupasuka, wamebandika nje alama ya kukuita. Wameze mmoja mmoja. Ukishawameza utajikuta unatoa interlukini-10 bila kuagizwa, na vimishipa vilivyokuwa vinavuja vitaanza kuziba. Kesho asubuhi mtoto atakanyaga chini kwa ncha ya mguu kwanza, kisha kisigino chote, kisha atatoka nje, pekupeku tena.