Shangazi Chini ya Bati la Paris

Mtu wa Tanga akiambiwa kuna joto Ulaya, hucheka. Joto gani? Februari ya Tanga hufika nyuzi 32, 33, na unyevu juu yake, na bado watu wanaoa, wanakaanga samaki, wanacheza bao chini ya mwarobaini. Ndiyo maana Shangazi, muuguzi mstaafu, alipopigiwa simu na mtoto wa kaka yake aliyeko Paris na kuambiwa abebe nguo nyepesi, alijibu "Haya baba," kisha akafungasha sweta mbili, soksi za sufu, na shali aliyoiazima kwa jirani aliyewahi kufika Uingereza.

Alitua mwisho wa Juni 2025. Tarehe 1 Julai idara ya hali ya hewa ya Ufaransa iliiweka Paris pamoja na majimbo mengine 15 katika tahadhari nyekundu, ambayo ndiyo ya juu kabisa, na kipimajoto kikasogea hadi karibu nyuzi 38. Shali ya watu haikutoka begini.

Hata hivyo, joto lenyewe angeliweza. Kilichomshinda ni nyumba.

Paris ile ya kwenye kalenda, yenye majengo ya mawe na vibaraza vya chuma, ilivunjwa na kujengwa upya kwa sehemu kubwa kuanzia mwaka 1853 hadi 1870, wakati Baron Haussmann alipokuwa mtawala wa jimbo la Seine chini ya Napoleon III. Juu ya majengo hayo liliwekwa paa la zinki, jepesi na rahisi kukunjwa. Inakadiriwa kwamba mapaa manane kati ya kumi mjini humo ni ya zinki, na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa kuyaezeka katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Watalii huyapiga picha jua linapokuchwa, wakahema kwa raha. Shangazi alitoa mkono kwenye kidirisha cha chumba cha mtoto wa kaka yake, akaligonga paa kwa ukucha, akasikiliza mlio.

"Baba," akasema, "hili si bati?"

Bati ndilo. Na chini ya bati ndipo wajenzi wa zamani walipowapachika wajakazi, kwenye vijumba vya ghorofa ya juu kabisa, maana siku hizo hapakuwa na lifti na mwenye fedha hakutaka kupanda ngazi. Leo vijumba hivyo hukodishwa kwa wanafunzi na vijana wa kazi. Sheria inataka chumba cha kupangisha kwa kawaida kisipungue mita za mraba 9. Cha kijana kilizidi kidogo, na choo kilikuwa ndani, jambo ambalo alilitaja kwenye simu kabla ya kutaja mengine yote. La ghorofa ya sita bila lifti alilisahau. Shangazi alilikumbuka kwa niaba yake, ghorofa baada ya ghorofa, akiwa ameshika reli kwa mkono mmoja na pochi kwa mwingine, na kijana nyuma yake na begi la sweta kichwani.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa dirisha. Asubuhi kijana alipokwenda kazini alifunga kioo, akavuta mbao za nje, chumba kikawa giza kama ghala la mkonge. Hajafika barabarani, Shangazi ameshafungua kila kinachofunguka. Tanga dirisha huachwa wazi ili upepo wa bahari upite. Anayejifungia mchana wa jua ama anaumwa ama anadaiwa. Tatizo ni kwamba kutoka Paris hadi bahari ni kama kilomita 150, na hewa iliyoingia ilikuwa imekwisha kutembea juu ya mabati ya majirani. Kufika alasiri, siagi iliyokuwa mezani ilikuwa imegeuka mafuta ya kupikia.

"Shangazi, shikamoo. Nani kafungua dirisha?"

"Marahaba. Nimefungulia upepo."

"Upepo gani?"

"Uko njiani."

Kijana akaeleza kwa upole wa mtu aliyelelewa vizuri: huku ni kinyume. Ukuta wa mawe hushika ubaridi wa usiku, basi mchana unafunga, usiku unafungua. Serikali nayo hutangaza hivyo hivyo kila kiangazi, na ina sababu. Agosti 2003 wimbi la joto liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee waliokuwa peke yao. Tangu hapo Paris ina daftari la wazee wa kupigiwa simu siku za joto kali, waulizwe kama wamekunywa maji. Shangazi, aliyehudumia wodi miaka mingi, alisikiliza yote kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Na watoto wao wanakuwa wapi?" Jibu lake lilikuja Agosti, tutalifikia.

Feni? Kila mtu alikuwa ameshafikiria feni. Dukani zilibaki picha zake tu ukutani. Kiyoyozi ndicho usitaje. Nyumba nyingi za Paris hazina. Shangazi akatoa kanga mbili, akazilowesha kwenye sinki, moja akaitundika mbele ya dirisha lililofunguliwa usiku, nyingine akajifunga. Kijana mwenye shahada ya uzamili ya uhandisi alimtazama kwa huruma kutoka kwenye kigodoro chake sakafuni. Usiku wa manane sauti yake ilisikika gizani ikiuliza kama kuna kanga ya tatu.

Baada ya joto, jua. Mapema Julai jua la Paris huzama kama saa nne usiku. Mji uko mbali kaskazini, kwa hiyo siku za kiangazi ni ndefu, lakini si hilo tu. Mwaka 1940 wavamizi wa Kijerumani waliilazimisha Paris kufuata saa ya Berlin. Vita viliisha, saa ikabaki. Kila kiangazi huongezwa saa nyingine moja, na matokeo yake ni kwamba jua la utosi hufika karibu saa nane mchana. Adhuhuri saa nane! Magharibi ikiingia, Tanga watu wameshalala. Na Isha hukaribia saa sita, ukimaliza hapo hata kupepesa macho hujapepesa vizuri, Alfajiri inabisha hodi.

Shangazi ana kanuni kwamba chakula cha usiku huliwa usiku. Wali ukapikwa saa moja, ukafunikwa, na watu wawili wazima wakakaa wakiitazama sufuria hadi jua liamue. Kijana alijaribu kusema kwamba kwa saa ilikuwa usiku tangu zamani. "Saa ni yako," Shangazi akamjibu, "jua je?"

Mnara wa Eiffel ulikuwa umepangwa tarehe 2 Julai. Siku hiyo na ya kabla yake kilele chake kilifungwa kwa wageni kwa sababu ya joto. Wakaishia kuutazama kutoka chini, nao ni mita 330 za chuma zinazorefuka kwa sentimita kadhaa jua likiwaka. Kijana alidhani mgeni wake atahuzunika. Mgeni wake, ambaye tayari alikuwa amepanda ghorofa sita mara mbili siku hiyo, aliipokea habari ile kwa sauti iliyowafanya watalii wa jirani wageuke: "Alhamdulillah!"

Mto Seine ndio uliomtuliza. Kuoga humo kulipigwa marufuku tangu 1923 kwa sababu ya uchafu, na baada ya euro zipatazo bilioni 1.4 za usafishaji, tarehe 5 Julai 2025 watu walifunguliwa sehemu tatu za kuogelea bure. Shangazi alisimama ukingoni karibu na Pont Marie akitazama watu wazima wakishuka ngazi mmoja mmoja, kila mmoja na boya la njano kiunoni, waokoaji wakiwahesabu. Huyu ni mtu aliyejifunza kuogelea Raskazone, kule Tanga, kwa kusukumwa na kaka zake. Akauliza bendera zilizosimikwa pale ni za nini. Kijana akaeleza: mvua kubwa ikinyesha, mifereji ya mvua na ya maji taka, ambayo sehemu nyingi za mji ni ile ile moja, huweza kufurika mtoni, basi kuogelea husimamishwa. Shangazi akarudi nyuma hatua mbili na kuinua pindo la baibui. Mawingu yalikuwa hayapo kabisa, lakini yeye si mtu wa kubahatisha.

Mahali alipopapenda bila masharti ni bustani ya chai ya Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926. Meza ndogo za duara, mtini juu, vigae vya buluu, chai ya nanaa ya moto kwenye bilauri fupi. Shomoro wa pale hawana adabu: huja mezani, huruka na kipande cha kashata ya lozi kabla hujamaliza bismillahi yako. Shangazi aligombana na mmoja kwa Kiswahili na shomoro akaelewa, maana alihamia meza ya Wajerumani. Chai ya moto siku ya nyuzi 35! Kijana alijaribu kuagiza kitu cha baridi, akaambiwa asiaibishe ukoo.

Kisha ikaingia Agosti, na Paris ikaondoka. Duka la viatu limefungwa, kinyozi amefunga, fundi bomba simu yake inalia chumbani kwake. Duka la mkate la chini ya jengo nalo likabandika karatasi: tunarudi mwisho wa mwezi. Zamani hilo lisingewezekana kirahisi, kwa kuwa kwa miaka mingi waoka mikate wa mji huo walipangiwa zamu za likizo, wengine Julai na wengine Agosti, raia wasikose mkate. Amri hiyo iliondolewa, na tangu kiangazi cha 2015 kila mwoka mikate hufunga atakapo. Shangazi alitembea mitaa minne akitafuta mkate mrefu aliokwisha uzoea. Alipouliza watu wote wamekwenda wapi, aliambiwa wamekwenda pwani. Mji mzima umekwenda pwani, na mtu wa pwani ndiye aliyeachiwa mji! Swali lake la Julai kuhusu watoto wa wale wazee likapata jibu hapo hapo, mlangoni pa duka lililofungwa.

Aliondoka katikati ya mwezi, wimbi la pili la joto likiwa limekwisha kuanza. Kanga zote mbili aliziacha. Sweta pia, kwa kuwa kijana atazihitaji Desemba na yeye hana mpango wa kuzibeba tena kushuka zile ngazi.

Basi wewe unayealikwa Paris kiangazi kijacho, kabla ya kukata tiketi muulize mwenyeji wako mambo mawili: anakaa ghorofa ya ngapi, na feni anayo? Akijibu "ya sita" na "tutanunua ukifika," mwambie unamshukuru sana, utakuja Aprili.