Baroko ya Bweranyange: Mhadhara wa Profesa wa Stendi

Mheshimiwa Diwani, walimu, wazee wetu, wageni kutoka Kyerwa ambao tangu 2012 mna wilaya yenu lakini kwenye pilau bado ni wa Karagwe: itifaki imezingatiwa, isipokuwa kwangu mimi. Mshereheshaji amenitambulisha kama "mkazi wa Kayanga anayependa historia". Nimemsamehe. Mpira hupendwa, historia mimi naimiliki. Uprofesa nilipewa na watu wa stendi, nami sikuona sababu ya kupingana na wananchi.

Leo nahakiki makala ya kamusi elezo kuhusu ikulu ya watawala wa Karagwe pale Bweranyange. Ina aya nne. Ya kwanza nimeisoma yote, zilizobaki nimezikadiria. Kasoro yake kubwa iko mwishoni, kwenye orodha ya waliochangia: jina langu halimo.

Kasoro ya pili: hakuna mahali inapokiri kwamba ikulu ile ilikuwa ya mtindo wa Baroko. Ndugu zangu, mpwa wangu yuko Ujerumani. Alifika kasri la Ludwigsburg, akanitumia picha kwenye simu, na tangu siku hiyo mimi ni mtaalamu wa Baroko. Lilianza kujengwa 1704, likakamilika 1733, lina vyumba 452. Mtawala wake, Eberhard Ludwig, alikusudia nyumba ya kufikia akienda kuwinda, basi. Mimi nami nilikusudia banda la kuku, leo nina msingi wa vyumba sita. Wakubwa tunafanana. Msingi huo hadi sasa umenenepesha mbuzi wa jirani tu, kwa zile nyasi zilizoota sebuleni, lakini ramani ipo. Sasa kama Mjerumani alikuwa na Baroko, mtawala wetu Rumanyika aikose kwa lipi?

Kijana, shusha mkono. Haya, sema. Anasema Baroko ilishapitwa na wakati huko Ulaya miaka karibu mia moja kabla Speke, yule mpelelezi Mwingereza, hajafika hapa Novemba 1861. Vizuri sana. Kwani kuchelewa ni dhambi? Mimi mwenyewe kadi ilisema saa nne, nimeingia saa saba, na mhadhara upo.

Makala inadai eti ikulu ilikuwa ya miti na nyasi. Mwandishi kamfuata mpelelezi mwingine, Stanley, aliyepita 1876 akaonyeshwa nyumba ya hazina: msonge wa nyasi, na ndani yake mikuki, bata wa shaba, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Kwa heshima zote kwa marehemu, kazi ile haikukamilika. Fundi alichukua malipo ya awali akatokomea, kama aliyetokomea na saruji yangu.

Bibi wa mbele, naona unaguna. Unasema *omuhesi*, yaani mhunzi, hakuwa kibarua. Kwamba nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za utawala wenyewe. Na kwamba walikuwapo pia ng'ombe wa chuma, vichwa vyao vipo, pembe ndefu zimepinda. Bibi, maswali ni mwishoni. Si swali? Basi hata mwishoni hapana.

Linaloniudhi zaidi ni vipimo. Speke alimpima shemeji wa Rumanyika, mama aliyenoneshwa kwa maziwa hadi hawezi kusimama: mkono inchi 23, kifua inchi 52. Tena ili akubaliwe, ilibidi mzungu naye aoneshe mikono na miguu yake. Leo asubuhi mke wangu kanizungushia utepe wa fundi cherehani. Matokeo nayahifadhi kwa chapisho lijalo, ila naweza kudokeza kwamba damu ya ikulu haijapotea. Lakini ikulu yenyewe nani kaipima? Ningeipima mimi, ila njia ya Bweranyange ina vumbi na viatu hivi ni vya ngozi.

Nimetaja damu. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe watatu waligombea kiti. Ikawekwa chini ngoma ndogo iliyotiwa dawa, nyepesi kwa yule tu ambaye mizimu imemchagua. Rumanyika aliinua kwa kidole cha mwisho. Wenzake wawili walikamia, wakatoka jasho, wapi! Mimi, kwa upande wa mama, ni uzao wa mmoja wa wale wawili, na ukoo wetu hadi leo unashikilia kwamba ngoma ilipigiliwa misumari. Makala imekipitisha kisa hiki bila kusikiliza upande wetu. Nikawaandikia wahariri nyongeza. Wakaniuliza chanzo. Chanzo! Nikawatumia picha yangu ya pasipoti.

Na tuulizane hapa. Speke na mwenzake wa safari Grant walipoliona ziwa letu karibu na ikulu, waliliita Little Windermere kwa kuwa liliwakumbusha ziwa la kwao Uingereza. Wao walidaiwa chanzo? Mtu akikumbuka kwao anaandikwa vitabuni. Mimi nikikumbuka simu ya mpwa wangu nafutwa dakika hiyohiyo.

Nasikia Mwalimu wa Historia ana tangazo. Kesho anapeleka kidato cha tatu Bweranyange kwa gari la shule, na bibi huyu ndiye atakayewaonesha mahali penyewe, na kiti cha mbele wameniwekea mimi. Asante, Mwalimu. Sitaweza. Kesho naanza kuhakiki makala ya Mlima Kilimanjaro, ambayo nimearifiwa ina makosa mengi. Mkifika huko mhesabu vyumba mniletee idadi. Isipofika 452, hesabuni tena.

Kitabu changu ni shilingi elfu kumi na tano. Bado hakijachapwa, kwa hiyo malipo ni leo. Hili ninaloinua ni jalada la mfano, lipo moja tu. Atakayetaka kulishika anawe mikono kwanza, maana naona nyama imeshaanza kugawiwa na sahani yangu haijaletwa.