Bingwa wa Mazimwi

Hapa Issuna, mkoani Singida, tunaye bingwa wa sinema za kutisha. Mguse tu kuhusu The Wolf Man ya mwaka 1941, atakueleza mpambaji Jack Pierce alivyombandika mwigizaji Lon Chaney Jr. manyoya ya yaki, ng'ombe wa Tibet, mpaka akageuka nusu mtu nusu mbwa mwitu. Atakuongezea kwamba Night of the Living Dead ya 1968 haina mwenyewe, kwa kuwa wasambazaji walisahau kuweka alama ya hakimiliki. (Nadhani hilo ndilo linalomfurahisha zaidi, kiingilio cha banda la video humkera.) Za nyumbani hazitaki. Shumileta ya Mussa Banzi? Haitishi, anasema, jini mwenyewe anaongea Kiswahili.

Juzi mzee mmoja akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, huyo wa manyoya aliua wangapi?"

Maana mkoa huuhuu wa Singida, mwaka 1946 na 1947, serikali ya Mwingereza ilihangaishwa na mauaji ya watu-simba: binadamu waliodaiwa kuvaa ngozi ya simba na kuua kwa makucha. Watu wakafikishwa mahakamani. Hollywood haikutuma hata mpiga picha, na ngozi haikuwa ya yaki.

Bingwa akafikiri. Akasema kisa si kibaya, ila kimekosa muziki. Kisha akaomba asindikizwe nyumbani. Tochi ya simu yake, eti, ina mwanga hafifu.