Mtawa wa Siku Tatu
Jirani yangu anajifundisha Kijapani. Kanunua kamusi mbili, kadi za herufi za kanji na daftari la jalada gumu. Simu nayo humkumbusha kila alfajiri. Herufi za msingi za hiragana ni 46, za katakana 46, na kanji za matumizi ya kawaida 2,136. Kazihesabu zote. Kuzisoma, bado.

Wajapani wana neno la kurundika vitabu bila kuvisoma: tsundoku. Anayeanza jambo kwa mbwembwe akaliacha mapema humwita mikka bozu, mtawa wa siku tatu. Maneno hayo mawili jirani kayashika barabara, matamshi safi kabisa.

Haba na haba hujaza kibaba, jirani. Kamusi iliyofungwa haijazi kitu. Soma ukurasa mmoja wa hadithi ya watoto leo. Kesho, mwingine.