Kuku Aliyeuzwa Mara Tano

Mwaka wa Kanisa huanza Majilio. Mwaka wa kamati yetu ya ujenzi huanza pale mwenyekiti anaposhika kipaza sauti baada ya komunyo na kusema, "Wapendwa, tuketi kidogo." Kidogo hicho kimewahi kutufikisha saa nane mchana.

Kwaresima twafunga nyama, bahasha hazifungi. Pasaka kuna pilau la pamoja kwa tiketi. Wanaopika ni WAWATA, akina mama waliojipanga tangu 1972. Wanaoshukuriwa ni kamati.

Novemba 11 ni sikukuu ya somo wa jumuiya yetu, Martino wa Tours, yule askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Kwa heshima yake tunashona sare. Kitenge hakikatwi nusu. Unalipia doti nzima, na cha mwaka jana kimeshapitwa, maana sura ya mtakatifu imegeuzwa ikatazama kushoto.

Lakini utamu wenyewe ni mnada wa mavuno. Mwaka huu jogoo, au tuliyemdhania jogoo, alinunuliwa kwa shilingi 20,000. Mnunuzi akamzawadia paroko, paroko akamrudisha mnadani, kwaya ikamnunua, ikamzawadia katekista, ambaye naye aliona aibu kuondoka naye mbele ya macho yale yote, akamrudisha. Mara ya tano, ndege wa watu akachoka, akataga.

Mhazini akaliinua yai juu.

"Wapendwa, tuketi kidogo."